Sauti Aliyoificha Idah

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Idah Thuku alimwagilia mboga za mama yake. Alijaza debe kwenye pampu iliyokuwa kando ya nyumba, akapita katikati ya matuta ya mchicha na nyanya, akimimina maji kidogo kidogo kwenye mashina ili yasipotee bure. Akimaliza alinawa miguu, akavaa sare, akashika njia. Ilikuwa mwaka 1986, naye alikuwa darasa la sita. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa Gede nzima.

Pampu yao haikufanana na za majirani. Majirani walijitengenezea zao kwa mabomba ya plastiki, vipande vya ngozi na mipira ya matairi, wakafundishana bila malipo. Walikuwa na kikundi kilichokutana Jumamosi nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Mwenye shida aliitoa pampu yake kisimani akaja nayo, ikafunguliwa mbele ya wote, na kila mtu akatazama ndani. Aliyesaidiwa leo alitakiwa kumsaidia mwingine kesho. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo.

Baba yake Idah, Bwana Thuku, alikuwa dereva wa hoteli moja huko Watamu. Familia ilipohamia kutoka bara, alikaribishwa katika kikundi hicho. Akacheka mbele ya watu. "Mimi maji ya matairi sinywi," alisema. Kisha akanunua pampu ya chuma katika duka moja la Mombasa, yenye rangi ya kijani, iliyofungwa kwa bolti ambazo spana yake alikuwa nayo fundi wa duka peke yake.

Sasa ile pampu ya kijani iliugua. Idah alisukuma mkono wa pampu mpaka mabega yakamuuma ndipo maji yalipotoka, na kila alipousukuma, pampu ilikorota kama mtu anayenyonya mwisho wa soda kwa mrija. Mama yake alimpigia simu fundi wa Mombasa kutoka posta. Fundi akasema atakuja, asije. Baba alikuwa safarini na wageni huko Tsavo. Majani ya nyanya yalianza kujikunja, na nyanya hizo ndizo mama alizotegemea kuuza Malindi Krismasi ikikaribia.

"Ningekwenda mwenyewe kwa wale wa kikundi," mama alisema, "lakini uso nitauweka wapi?"

Jumamosi Idah alikwenda yeye.

"Shikamooni," alisema, akisimama nyuma ya kinu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alijibu Mama Nyevu, mjane aliyelima mihogo kando ya barabara ya shule.

Bwana Kambi, aliyeongoza kikundi, aliweka spana chini. "Pampu yenu imefanya nini?"

"Haileti maji vizuri."

"Mbona hukuja nayo?"

"Ni ndefu. Sikuweza kuibeba."

"Ni kama hizi zetu?"

Idah alizitazama pampu za plastiki zilizolazwa kwenye mkeka. Alikumbuka kicheko cha baba yake. Hapa hakuna aliyejua yeye ni mtoto wa nani. Wakijua, watamfukuza, aliwaza. "Ndiyo," alisema. "Ni kama hizo."

"Inatoa sauti yoyote ukiisukuma?"

Idah hakuwahi kusikia pampu ya jirani ikikorota. Akiitaja sauti ile, atagunduliwa. "Hapana," alisema.

Wakashauriana kwa muda mrefu, na kila mmoja akatoa mfano wa pampu yake. Mwishowe walikubaliana. Kwa pampu kama zao, isiyotoa sauti, ugonjwa ulikuwa ngozi ya ndani iliyolika. Mama Nyevu akatoa kikapuni kipande cha ngozi ya ng'ombe, kimekatwa mviringo na kulowekwa mafuta ya nazi.

"Nilijiwekea akiba," alisema. "Chukua. Toa ile ya zamani, uweke hii."

Idah alifika nyumbani akachukua spana ya baba yake. Iliteleza, kwa sababu vichwa vya bolti zile vilikuwa na umbo la peke yake. Akazigonga kwa jiwe. Moja ikakatika, na ukingo wa kifuniko ukapasuka. Alipokisogeza kifuniko na kuchungulia, aliona ngozi ya ndani ikiwa nzima kabisa, tena ndogo kuliko ile aliyopewa. Alijaribu kuipunguza ya Mama Nyevu kwa kisu. Ikachanika.

Akakaa chini, kipande kimoja cha ngozi katika kila mkono.

Katikati ya wiki, akitoka shule, alikutana na Mama Nyevu amejitwika ndoo.

"Shikamoo, Mama. Mbona unateka maji mbali?"

"Marahaba. Ngozi ya pampu yangu nayo imekwisha, mwanangu. Si kitu. Akichinjwa ng'ombe nitapata nyingine. Yenu je, inaleta maji?"

"Inaleta," alisema Idah, akaharakisha asitazamwe. Nyuma yake alisikia maji yakichezacheza ndooni. Siku zile alizunguka njia ya kanisani, ingawa ilikuwa ndefu, ili asipite mbele ya nyumba ile tena.

Lakini Jumamosi ilipofika alirudi nyuma ya kinu. Aliviweka vipande vya ngozi juu ya mkeka, na maneno yakamtoka akiwa ameinamisha kichwa. "Nilidanganya. Pampu yetu si kama zenu. Ni ile ya kijani. Nimeivunja, na ngozi ya Mama Nyevu nimeiharibu."

Watu waliviangalia vile vipande. Kisha Mwambire, mwenye kinu, akaguna. "Kumbe. Ile iliyokataa maji ya matairi leo imekuja kutafuta dawa kwa matairi?"

Watu wakacheka. Idah alitamani ardhi immeze.

"Mwambire, mwache mtoto amalize," alisema Bwana Kambi. Akamgeukia Idah. "Hapa hatumfukuzi mtu kwa ajili ya pampu yake. Ila ya kwetu tunaijua ndani na nje. Hiyo yenu hatujawahi kuifungua, kwa hiyo tunakutegemea wewe utuambie kila kitu. Inatoa sauti?"

"Inatoa. Inakorota, kama mtu anayenyonya soda iliyokwisha."

Bwana Kambi alitikisa kichwa polepole. "Zetu husukuma maji kutoka chini. Hiyo huyavuta ikiwa huku juu. Ikikorota, inavuta hewa. Bomba lina mwanya mahali fulani. Ungesema hivyo siku ile, ngozi isingehitajika."

Wakaenda kwao Idah, Mwambire naye akifuata nyuma. Bwana Kambi alipitisha vidole kwenye bomba lililoshuka kisimani, akaupata ufa kwenye kiungo. Mwambire ndiye aliyekata utepe wa mpira wa tairi na kuuzungusha pale, akaukaza sana. Idah akasukuma mkono. Pampu haikukorota. Maji yalikuja, mengi yakiingia debeni, mengine yakichuruzika pale kifuniko kilipopasuka.

"Hicho kifuniko sikigusi," alisema Bwana Kambi. "Sikijui, na sitabahatisha na mali ya watu. Hicho ni cha fundi wa duka. Baba yako atakwenda Mombasa, na ni lazima ajue kilivunjwaje kabla hajaenda."

Kumwambia baba kulikuwa kugumu kuliko kukiri nyuma ya kinu. Bwana Thuku, aliporudi kutoka Tsavo, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga wala hakumkaripia. Aliuangalia ule utepe mweusi kwenye pampu yake ya kijani kwa muda, akajifuta uso kwa kiganja. "Neno la matairi nililisema mimi," alisema. "Twende wote."

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya kikundi, kofia mkononi, akaomba radhi. Alikuwa amemletea Mama Nyevu ngozi kutoka kwa wachinjaji wa Malindi. Mama Nyevu aliipokea, akamketisha Idah ubavuni pake na kumpa kisu.

"Kata taratibu, ukifuata mstari," alisema. "Na usikie, mwanangu. Kuomba msaada hakumpunguzii mtu heshima. Lakini unayemwomba ana macho yako tu ya kuonea. Ukimficha alama moja kwa sababu ya haya, umemfumba macho, kisha unamwomba akuonyeshe njia."

Idah alikata. Alikuwa bado na haya, na kila alipochota maji asubuhi, mchirizi wa kifuniko, kilichokuwa bado kinamngoja fundi wa duka, ulimlowesha kiganja. Lakini ngozi ile ilitoka mviringo. Mama Nyevu aliigeuza kwenye mwanga, akaitia kwenye mafuta ya nazi.

"Hii itafaa," alisema. "Kata nyingine ya akiba."