Kabureta za Datsun Nyekundu

"Miswaki sita? Kwani nyumbani kwenu mna vinywa vingapi?"

Khainza alishtukia maneno yamemtoka, na hakuwa msichana wa kutania wateja. Soko la Mbale lilikuwa limefurika. Mbele ya kibanda chake cha sabuni na mafuta ya taa alisimama kijana mrefu, ovaroli yake ya buluu imefifia, lakini kola imepigwa pasi.

"Si vinywa, dada. Ni injini." Kijana akacheka. "Mimi Isabirye, fundi wa Jinja. Mzee Barasa wa Malukhu ana Datsun ya mbio, ya zamani, nyekundu kama midomo yako."

"Sijapaka kitu midomoni."

"Ndiyo hiyo nasema."

Alitaka pia kopo la kostiki, ile ya kupikia sabuni, ya kuloweka boliti za chuma zilizoganda grisi.

"Alumini usiitie humu," Khainza akamwonya. "Ilitoboa sufuria ya mama."

"Najua, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Wa kwako, ukikubali."

Tangu hapo simu hazikukatika. Isabirye alimsimulia jinsi anavyofunika distribyuta, kile kigawa umeme cha injini, kwa nailoni isiingie maji, anavyosugua kila kona kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka chuma kinachungulia chini ya uchafu wa miaka.

"Ikiwaka, mzee ameturuhusu tuzunguke nayo mjini. Utavaa gauni lako la kijani."

"Watu watanitazama."

"Wakutazame. Mimi nimechoka kutazama peke yangu."

Khainza alizima taa akitabasamu. Gauni alikuwa ameshalipiga pasi.

Asubuhi moja Mzee Barasa aliingia sokoni amebeba kabureta mbili za alumini za ile Datsun, nyeusi kama mkaa, zimelika kingo.

"Wewe msichana! Umeuza sumu! Kabureta kama hizi nitazipata wapi tena? Fundi amesema dawa yako ni mbovu!"

Isabirye alikuwa nyuma yake. Khainza alimtazama, akangoja. Isabirye aliangalia viatu vyake.

Ukweli aliujua yeye peke yake. Kwa haraka ya kumaliza alizitumbukiza kabureta kwenye kostiki, akijiambia ni za kuchovya na kutoa tu. Simu ikalia. Alikuwa Khainza. Wakacheka, wakabembelezana, na alipokumbuka ndoo, alumini ilikuwa imeshaliwa. Barasa alipomkaripia, akaogopa kufukuzwa, ulimi ukatafuta wa kumtwika lawama.

Wateja wa Khainza wakahamia vibanda vingine. Wengine wakampa jina: Kostiki. Isabirye alirudi Jinja akidai anatafuta kabureta nyingine. Alipiga simu kila jioni. Mara moja tu ilipokelewa.

"Khainza, nisikilize kidogo."

"Nilikusikiliza siku ile. Ulinyamaza."

Akakata.

Jumamosi, soko likiwa limejaa, Isabirye alirudi. Ovaroli haikuwa na pasi. Alisimama mbele ya kibanda, akainua kabureta moja nyeusi.

"Mama zangu, dawa ya huyu dada ilikuwa nzuri, na alinionya. Niliziacha kwenye ndoo nikiongea na simu, kisha nikamsingizia. Mzee Barasa nimeshamwambia."

"Ulikuwa unaongea na nani?" akauliza Gorreti, muuza nyanya wa jirani.

"Na yeye."

Wanawake wakaangua kicheko. Khainza hakucheka.

"Mzee amesemaje?" aliuliza taratibu.

"Ametukana mpaka akachoka. Nimempata mtu Jinja mwenye kabureta kuukuu, chafu. Mzee anataka nizisafishe leo, mbele ya macho yake."

"Na mimi unataka nini kwangu?"

"Mswaki." Akaishusha kabureta. "Na unisamehe, kama unaweza."

Khainza alichukua mswaki mmoja na chupa ya mafuta ya taa, akavisukuma mbele. Kisha akanyoosha kiganja.

"Simu uiache hapa."

Isabirye akaitoa, akaondoka kuelekea Malukhu.

Haikupita muda, simu ya Isabirye ikalia. Kwenye kioo: Mama.

"Pokea, bibi harusi!" Gorreti akachungulia jina, akamchokoza.

"Niache, Gorreti. Bado nina uchungu." Lakini ililia tena, na kidole chake kikabonyeza. "Haloo, mama. Isabirye yuko kazini. Amenyang'anywa simu."

"Amenyang'anywa na nani?" mama aliuliza kwa wasiwasi.

Khainza akamgeuzia Gorreti mgongo.

"Na mimi, mama."