Makofi ya Kilo Hayakuwa Yangu

Walinisaliti mchana kweupe... wote arobaini na tatu!

Ilikuwa Jumamosi, hapa kwetu Boito. Nimebeba kikapu cha majani ya chai ya mama nikipeleka buying centre. Mvua imetulia. Nyuma ya kibanda cha kupimia majani nikasikia sauti naijua.

"Makofi ya kilo kwa Chepchirchir!"

Pa! Pa! Pa-pa-pa!

Nikachungulia. Weeeh! Form Three East. Darasa LANGU la hesabu! Wamekalia magunia, mlango wa kibanda umegeuzwa ubao, na mbele yao amesimama... Obiero!

Kama humjui, Obiero ni mwalimu wa BOM, wale huajiriwa na board ya shule wala si serikali, ametoka Siaya, miezi minane tu shuleni. Suruali mbili na tabasamu lisilozimika. Mimi ni Madam Rodah, miaka kumi na minne nikila vumbi la chaki. Na hao watoto, wacha kelele zao, hawajawahi kunipigia makofi hata siku moja.

Wadau, wivu ulinishika.

Kwangu Kipkemoi hulala dawati la nyuma akikoroma. Kwa Obiero mkono uko juu, "Mwalimu! Mwalimu! Mimi!" Alikuwa anataka kujibu swali la duara. Kipkemoi!

Sikuingia. Nilitoa simu, nikapiga picha, nikamtumia principal, Bwana Nyamweya.

"Sir, Obiero anafanya tuition ya siri. Anaharibu darasa langu na anawachochea watoto dhidi yangu."

Hiyo ya kuchochea nilijitungia tu. Nakiri! Msinihukumu bado, someni hadi mwisho.

Jumatatu asubuhi board ikakaa. Saa nne, Obiero alipita dirishani kwangu na begi lake mgongoni. Akanipungia mkono.

"Madam, baki salama. Wako vizuri hao watoto."

Nikajibu "Haya" na nikajifanya natafuta duster. Moyoni nilikuwa nacheza. Ameenda! Darasa limerudi kwa mwenyewe!

Nikaingia Form Three East nimenyoosha shingo. Nikachora duara, nikachora tangent, nikamaliza kwa dakika kumi na mbili. Kisha nikauliza vile huuliza kila siku.

"Tumeelewana?"

Sasa, kama umesoma huku kwetu unajua jibu. Darasa zima huimba "Yes, Madam!" Miaka kumi na minne nimelala usingizi mzuri kwa sababu ya hiyo yes.

Siku hiyo... kimya.

"Nimesema, tumeelewana?!"

Chepchirchir akasimama.

"Hapana, Madam."

"Hapana nini?"

"Hatujaelewa. Na... hatujawahi elewa."

"Na mbona kila siku mnaitikia yes?"

"Ukisikia no unakasirika, Madam. Mara ya mwisho Kipkemoi alisema no, ulimtoa nje akakaa kwa mvua."

Nilitaka kufoka, lakini nilikumbuka hiyo mvua.

"Kwa hivyo mkaenda kwa Obiero kunisengenya!"

"Aii, Madam, hapana!" Kipkemoi akaruka. "Principal alituambia tukipata mean ya hesabu chini ya nne kwa kumi na mbili tena, utanyang'anywa hii class. Ndio tukaenda kumwomba Mwalimu Obiero. Alikataa mara mbili!"

"Alisema twende tukuambie wewe kwanza," Chepchirchir akaongeza. "Tukaogopa. Tukamlilia. Ndio akakubali Jumamosi tu, tukishapeleka majani."

"Na nikinyang'anywa class, nyinyi inawauma nini?"

Chepchirchir akaanza kulia.

"Mwaka jana niliacha shule, nikabaki kuchuma majani. Ni nani alikuja hadi kwa shamba na gumboots, akaketi na babangu hadi akakubali nirudi? Si ni wewe?"

Ni mimi. Na mimi nilikuwa nimesahau.

Kipkemoi akaniletea daftari. Nikafungua. Ni notes ZANGU, mstari kwa mstari, amezinakili Obiero kwa mwandiko wake mzuri. Juu ya ukurasa ameandika: "Njia ya Madam Rodah. Twende polepole."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wadau. Nilikuwa ndani hadi shingoni.

Nilitoka mbio hadi ofisini.

"Sir, picha ni ya kweli. Maneno ni ya uongo. Mrudishe Obiero!"

Bwana Nyamweya akavua miwani.

"Rodah, board ilikaa kwa sababu ya maneno yako. Nafasi yake nishampa mtu mwingine. Hiyo uongo utaiandika na kuweka sahihi."

Niliandika. Nikaweka sahihi. Barua ya onyo ikaingia kwa faili yangu, na ilinistahili.

Mtihani ulipofanywa, mean ikatoka tano nukta sita. Mbele ya parade nzima ya shule, Bwana Nyamweya akaita jina langu. Form Three East wakasimama.

"Makofi ya kilo kwa Madam!"

Pa! Pa! Pa-pa-pa!

Hayo ndiyo makofi niliyoyaonea wivu hadi nikamfukuzisha mtu kazi. Nilisimama pale mbele nikilia, na shule yote ikadhani ni furaha.

Nikashika mic. "Haya makofi ni ya Mwalimu Obiero. Mimi ndiye nilimfukuzisha, kwa uongo."

Hakuna aliyepiga makofi tena.

Jioni hiyo nilimtumia Obiero message ndefu ya kuomba msamaha, pamoja na nakala ya yale maelezo niliyotia sahihi, ionyeshe huko aendako kwamba hana kosa. Amepata shule karibu na Longisa. Siku ya nne akaandika mstari mmoja.

"Madam, nimekusamehe. Watoto wanaelewa?"

Nikafuta "yes" niliyokuwa nimeshaandika.

"Sijui," nikajibu. "Kesho nitawauliza mmoja mmoja."

Ndugu yangu, ukiona mwenzako anapendwa na watu wako, kabla hujamchimba, enda kwanza uwaulize wanakosa nini kwako. Na wakikujibu, usiwatoe nje kwa mvua.