Mifuko Nyuma ya Banda la Kuku

Kila Jumamosi Judith Penner huosha vyombo, hulisha kuku, kisha humpelekea maziwa Shangazi Suse, mjane anayekaa karibu na mto. Jumamosi hiyo alimkuta akipandisha viti juu ya meza. Theluji ya Manitoba, Kanada, ilikuwa imeyeyuka upesi mno na Mto Red ulikuwa umeingia uani.

Vijana wa kanisa lao la Kimenno walikuwa wameshafika na makoleo. Jumapili iliyopita Shemasi Abram Loewen aliwafundisha habari za Shamgari, mwamuzi ambaye Biblia inasimulia kazi yake kwa mstari mmoja tu: aliwapiga Wafilisti kwa konzo, fimbo yenye ncha ya kuswagia ng'ombe.

"Hakungoja apewe upanga," shemasi alisema. "Nanyi msingoje. Mna makoleo, mna mikono."

Ili kujenga ukuta wa kuzuia maji, walijaza mchanga kwenye mifuko kama walivyojaza viazi kila mavuno: hadi shingoni, kisha wakakaza kamba. Katika kijiji chao, mfuko usiojaa ni aibu.

Judith alishindwa kuuinua hata mmoja.

"We Judith, unaubeba au unaukumbatia?" binamu yake Franz aliuliza. Wenzake wakacheka.

Judith alipoona hakuna anayemtazama, alianza kumwaga nusu ya mchanga wa kila mfuko aliopewa. Mifuko hiyo myepesi aliipanga nyuma ya banda la kuku la Shangazi, mwisho wa ukuta, ambako hakuna mtu aliyepita.

Mchana maji yaligusa ukuta na kupenya. Mifuko ilikuwa migumu na ya duara, haikushikana. Waliziba hapa, yakatokea pale. Franz alisukuma matambara kwenye nyufa, yakasombwa. Kisha habari ikaja kwamba barabara imekatika na lori la mchanga halitafika.

Shangazi Suse alitoka mlangoni. "Wanangu, mmefanya mlichoweza. Nendeni nyumbani kabla njia haijafungwa na maji."

"Bado, Shangazi," Franz alisema, lakini alikuwa amesimama tu, mikono ikining'inia. Hata shemasi, aliyekuwa nao tangu asubuhi, aliweka koleo chini. Hapakuwa na mchanga wa kuongeza wala pampu ya kuyashinda maji yale.

Judith alikwenda nyuma ya banda asionekane akilia. Pale alikanyaga ardhi kavu. Mifuko yake ilikuwa imelala bapa, mmoja ukijibana juu ya mwingine, na maji yalikuwa yamesimama upande wa pili.

Alijua kwamba akisema, wote watajua alichokuwa akifanya. Alirudi hata hivyo.

"Shemasi, kule kwangu hapavuji. Mifuko ile haikujaa. Niliipunguza kwa sababu ilinishinda, nikaificha."

"Kumbe!" Franz aliruka. "Sisi tunavunjika migongo, mwenzetu anamwaga!"

"Nyamaza kwanza," shemasi alisema. Alikwenda, akainama, akapitisha kiganja chini ya mifuko. Kikatoka kikavu. "Fungueni ya juu, ambayo maji hayajaifikia. Mfuko mmoja ufanyeni miwili. Msifunge kamba. Kunjeni midomo, muilaze mifuko upande wa ndani wa ukuta, muikanyage."

Mchanga uleule ukatosha. Safu ya pili ilipoufikia mwisho wa ukuta, maji yaliyopenya yalikuwa machache, na ndoo za kawaida ziliweza kuyatoa. Jioni sakafu ya Shangazi Suse ilikuwa bado kavu.

Shemasi aliwakusanya barazani. "Niliwafundisha nusu ya somo," alisema. "Shamgari alitumia alichokuwa nacho, ndiyo. Lakini konzo ni la ng'ombe. Siku ile hakulishika kama alivyolishika akilima. Alilishika kama hatari ilivyodai. Sisi tulikuja kumsaidia mtu, tukafanya tulichozoea, tena kwa bidii. Anayetaka kuwahudumia watu atazame kwanza kinachohitajika. Na wewe Judith, kitu kikikushinda, sema mapema. Ungesema asubuhi, tusingechoka hivi."

"Ndiyo, Shemasi."

"Maneno mazuri, Abram," Shangazi Suse alisema, akitazama ng'ambo ya uzio. "Lakini kwa jirani zangu, kina Reimer, bado wanakaza kamba."

Franz aliokota makoleo mawili, moja akampa Judith. "Tangulia," alisema. "Wewe ndiye utakayewaonyesha."