Chupa Mdomoni mwa Ndiva

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa mbele yenu, majirani zangu wa huku juu, na ninyi mlioshuka kuishi tambarare mkadhani mmetukimbia. Kama nimetia chumvi hata punje moja, ng'ombe wangu akaukiwe maziwa, na ndevu hizi zinidondoke kwenye bakuli mbele ya wageni. Mimi Gideoni, mstaafu wa reli, nimeona mengi. Nimeona treni ikisimama karibu na Same kumpisha kinyonga, na kinyonga hakuharakisha. Lakini hili la jirani yangu Rubeni si la kuchekea. Sogeeni.

Nyumba ya Rubeni ilikuwa nyumba ya kutamaniwa. Imekaa kwenye mteremko juu ya Hedaru, maharage mbele, miwa pembeni, na nyuma yake, juu kidogo, ndiva ya kijiji. Kwa mgeni asiyeijua, ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi tunalifungulia, kila nyumba inamwagilia kwa zamu yake. Chini kabisa ya ukuta kuna tundu, tunaliita mdomo, limezibwa kwa gogo lililovikwa majani ya migomba. Gogo lina kamba. Ukivuta kamba, gogo linatoka, maji yanakwenda.

Rubeni ndiye aliyekabidhiwa kamba hiyo, kama baba yake kabla yake. Jua likizama anaziba, alfajiri anazibua. Na mvua kubwa ikianza mlimani, hata kama yuko kanisani kwenye meza ya Bwana, anakimbia kuzibua, maana ndiva ikifurika ukuta unaweza kuondoka, na ukuta ukiondoka nyumba ya kwanza njiani ni yake mwenyewe. Ndani ya nyumba hiyo walikuwamo mkewe Honorata, binti yao Careen, na mama yake Rubeni, Bibi Redempta, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza kitandani.

Asubuhi zile ungemsikia Honorata akiimba pambio jikoni, Bibi akimkosoa sauti kutoka kitandani, na maji yakishuka mferejini. Amani tele.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Wazee mnakumbuka: tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sukari na kufulia majani ya mpapai, mara maduka ya Hedaru yakajaa. Malori yakashusha mitumba, redio, bia za makopo kutoka nchi ambazo hata mwalimu hakuweza kuzionyesha ramanini. Rubeni akashuka gulioni kununua koti la mtumba. Muuzaji akamtupia na kitabu.

"Chukua mzee, hiyo nyongeza. Hapa hakuna anayesoma."

Kilikuwa kitabu cha Kiswahili, chenye picha za rangi, kikiitwa *Bia na Ustaarabu Wake*. Kilieleza raha zote za kunywa: bilauri ya umbo gani, rangi ya kinywaji uitazame vipi juani, harufu uivute kwa pua gani. Rubeni alikisoma akipanda mlima, akajikwaa mara kadhaa, akafika nyumbani kidole cha mguu kinavuja damu na uso unang'aa.

"Mama Careen," akasema wakila makande, "unajua povu lina maana yake?"

"Povu la sabuni nalijua. Hilo lingine hatujatambulishwa."

"Linatakiwa unene wa vidole viwili. Likipungua, umekidharau kinywaji. Likizidi, kinywaji kimekudharau wewe."

"Na aliyepika makande hayo anadharauliwa na nani?"

Bibi Redempta akacheka kutoka kitandani hadi akapaliwa. Wote wakacheka. Hapo ndugu zangu bado ilikuwa mzaha.

Msinielewe vibaya. Pombe kwetu si mgeni. Dengelua ya miwa tumeikuta kwa babu zetu. Lakini dengelua ilikuwa na siku yake: harusi, mavuno, msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wa kuzoa tope la ndiva. Watu wanamaliza kazi, wanapewa kibuyu, wanakunywa, wanagombana kidogo, wanalala. Kitabu kile kilimpa Rubeni kitu ambacho dengelua haikuwahi kumpa, yaani sababu ya kunywa siku yoyote.

Akaanzisha kikundi. Mwenzake mkuu alikuwa Erasmo, aliyewahi kukata katani kwenye mashamba ya tambarare. Walikaa kwenye ukingo wa ndiva jioni, Rubeni anasoma kwa sauti, Erasmo anamimina. Hawakujiita wanywaji. Walijiita waonjaji. Mimi nilionja nao mara chache tu, kwa ajili ya uchunguzi.

Siku moja nilimkuta anaongea na mgomba.

"Rubeni, umelewa."

"Kaka Gideoni, kulewa ni kwa wasiosoma. Mimi ninaonja."

Na akaendelea kuonja. Mbuzi walishuka Hedaru mmoja mmoja, chupa zikapanda. Sketi ya shule ya Careen ikawa viraka vinavyoshikana mikono. Alfajiri akina mama walisimama mferejini na majembe yao wakisubiri maji, na mwenye kamba anakoroma. Honorata ndiye aliyekuwa akipanda kuzibua, kisha anarudi kumgeuza mkwewe kitandani.

Kosa lenyewe lililotaka kutuua lilitoka ukurasa wa ubaridi. Kitabu kilisema bia isiyo baridi ni matusi. Umeme hatukuwa nao, friji tuliiona kwenye picha. Rubeni akafikiri kama mtu wa ndiva anavyofikiri: maji baridi kuliko yote yako wapi? Chini kabisa, mdomoni, yasikofika jua. Basi Erasmo akamsukia wavu wa katani, mgumu, wa kudumu. Wakajaza chupa, wakaufunga kwenye kamba ya gogo, wakauzamisha.

Honorata alipougundua alimfuata mumewe na matope mpaka magotini.

"Baba Careen, toa huo wavu mdomoni mwa ndiva."

"Chupa zinapoa pale."

"Nimevuta leo, gogo limekuja kwa shida. Wavu unajisokota."

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu kimewahi kuiona ndiva?"

Rubeni akafunga kitabu polepole, kidole kikiwa katikati ya kurasa asipoteze mahali.

"We mwanamke, tatizo lako unaogopa vitu vya kisasa."

"Ninaogopa maji. Hayo si ya kisasa."

Hakuutoa. Ijumaa ya wiki hiyo ilikuwa siku ya gulio. Wanaume karibu wote walishuka Hedaru, na Rubeni mbele yao, maana lori lilileta bia mpya ya chupa ya kijani. Aliondoka na kitabu kwapani. Chupa za Jumamosi akaziacha zikipoa, na gogo akalirudisha mdomoni ili maji yasizikaukie.

Adhuhuri mlima ukavaa weusi. Mvua ya vuli, mnaijua, haibishi hodi. Kijito kikaanza kunguruma kikibeba mawe. Mimi nilikuwa nimebaki nyumbani na mgongo wangu. Nikasikia Honorata akiita.

"Shemeji! Shemeji Gideoni! Kamba haiji!"

Nikapanda. Maji yalikuwa yameshafika kwenye mstari wa juu wa ukuta na yanaendelea. Honorata amezungusha kamba kiunoni, visigino vimezama kwenye tope.

"Vuta!"

"Ninavuta! Kila nikivuta wavu unakaza!"

Ulikuwa umejisokota kwenye gogo, chupa zimejibana katikati ya mawe ya mdomo, tope limezisiliba. Tulivuta wawili, kamba ikalia kama mtoto, gogo halikutikisika. Kisha Honorata akanishika bega akaonyesha. Katikati ya ukuta, baina ya jiwe na jiwe, uzi mwembamba wa maji ya kahawia ulikuwa unaruka nje, ukielekea moja kwa moja kwenye bati la nyumba yake.

"Careen!" akapiga ukelele. "Mtoe bibi! Mtoe sasa hivi!"

Binti akatokea mlangoni, bibi yake mgongoni, akapiga hatua, akaanguka. Njia ilikuwa imeshageuka mto. Akamrudisha ndani kwa kumburuta.

"Mama, sipiti! Mzito, njia inateleza!"

Na sauti ya Bibi Redempta ikaja kutoka ndani, kavu kabisa: "Niacheni mimi! Nimeshakula ujana wangu wote! Okoeni mtoto na huyo mbuzi aliyebaki!"

Careen hakutoka. Alikaa pale kizingitini, amemkumbatia bibi yake, anatutazama huku juu. Uzi wa maji ukawa unene wa kidole. Kisha unene wa mkono.

Hapo, wasomaji, ndipo mimi Gideoni nilipovua koti. Nikatia kisu menoni, nikazama. Kule chini kulikuwa giza la tumbo la sufuria. Nikakutana na chatu aliyeletwa na mafuriko; tukatazamana, akaona sina muda, akanipisha. Nikashika wavu, nikakata kamba moja, ya pili, ya tatu. Pumzi nilizuia kwa muda wa kutosha kuchinja kuku na kumnyonyoa. Wavu ukaachia, chupa zikapaa juu kama bata, gogo likafyatuka, na nasikia waliliokota Kisiwani, ng'ambo ya mlima, likiwa bado la moto. Maji yakapiga kelele yakaingia mferejini. Ukuta ukatetemeka, ukabaki.

Shamba la maharage lilikwenda lote, maana mfereji haukuweza kubeba yale maji. Nyumba ilibaki. Bibi alibaki. Usiku ule Careen alilala ameshika shuka la bibi yake, na siku iliyofuata hakutaka kuliachia.

Rubeni alirudi jua likizama, anayumba, anaimba. Alikuta kijiji kizima kimesimama kwenye ukingo wa ndiva. Chupa zake zilikuwa zimetapakaa kwenye tope, nyingine nzima. Akainama akaokota moja, akaigusa shavuni.

"Imepoa vizuri," akasema.

Hakuna aliyempiga. Nadhani ingekuwa nafuu wangempiga. Mzee Eliufoo, mkubwa wa ndiva, alimwendea akanyoosha mkono. "Lete kisu cha kamba, mwanangu." Rubeni akatoa kile kisu alichorithi kwa baba yake, ishara ya kazi ile. Honorata hakumwangalia. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amechoka, amejifunga khanga mkononi, na mamake Rubeni ndani anauliza kwa sauti: "Amerudi? Amerudi huyo msomi?"

Hakukaa mwezi. Alishuka Hedaru akasema anakwenda kutafuta kazi, akabaki huko. Mkishuka basi pale stendi mtamwona, ameshazeeka kunizidi, anaokota chupa tupu na kuzitia kwenye mifuko ya sandarusi. Kila akiokota moja huiinua kwanza juani, anaizungusha taratibu, anaitazama rangi. Wapiga debe wanamcheka. Yeye anawaeleza habari za povu.

FUNZO

Ndugu zangu, sisemi choma vitabu. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma kwenye magazeti yaliyofungia maandazi, na nawapenda wanaoandika. Lakini kitabu cha raha za pombe huandikwa na mtu aliyekwisha kula, mwenye saa ya kurudi nyumbani, na ambaye nyumba yake haiko chini ya ndiva. Anakueleza bilauri yote, kuanzia kitako mpaka mdomo. Mkeo hamjui. Zamu yako ya maji haijui. Hayo unatakiwa uyasome wewe. Na mtu akianza kuupa ulevi wake jina zuri, akauita elimu, akauita utamaduni, akauita kuonja, msicheke naye kama tulivyocheka sisi. Mwambieni siku hiyo hiyo, na mkono wa kuutoa wavu muupeleke nyinyi, msisubiri autoe yeye.

Hapo nilikuwa nimemaliza. Nikaweka nukta, nikapeleka karatasi kwa Honorata ili asikilize kabla vijana wa kanisani hawajazichapa. Careen, ambaye sasa ni mwalimu Same, alikuwa amekuja likizo. Akamsomea mama yake barazani. Honorata alisikiliza amefumba macho. Ya kitabu akatikisa kichwa, ya wavu akatikisa kichwa, ya Bibi na mbuzi akatabasamu. Careen alipofika pale nilipovua koti, akainua macho akanitazama.

"Endelea," mama yake akasema.

Careen akaendelea mpaka mwisho.

"Shemeji," Honorata akasema, "shikamoo."

Ananisalimia hivyo akitaka kuniua.

"Marahaba."

"Aliyezama ni nani?"

Nikakohoa. "Ni mtindo wa uandishi, shemeji. Hadithi inataka..."

"Wewe ulikuwa umekumbatia mparachichi, unapiga kelele 'vuta!' na kamba nilikuwa nimeshaiacha zamani. Nilipotoka majini bado ulikuwa unapiga kelele."

"Mama, mimi nilimwona kutoka mlangoni," Careen akasema. "Mparachichi ulikuwa mwembamba."

Honorata akanyoosha mkono wa kushoto. Vidole viwili havikunjiki. Gogo lilipofyatuka liliviponda kwenye jiwe, na havikurudi.

"Hivi navyo vililiwa na chatu wako?"

Nikasema nitafuta. Akakataa. "Acha hivyo hivyo, uandike na haya chini yake, watu waone. Kisha ingia ghalani. Kupukuchua mahindi ni kazi ya vidole, na wewe unavyo vyote."

Ndiyo maana mwandiko wa ukurasa huu umepinda. Dole gumba lina lengelenge. Gunia la kwanza limekwisha. Honorata amesukuma la pili mbele yangu kwa mguu.