Zege la Nguzo ya Katikati

Walikutana kwenye geti la ujenzi, magari ya zege yakinguruma kwenye foleni na vumbi likiwagandia watu kwenye kope. Binti wa maabara alikuwa amebeba koni ya chuma ya kupimia kama zege limezidi maji. Ikamponyoka, ikabingirika mpaka karibu na gurudumu. Msimamizi wa zege, kijana mrefu aliyepiga pasi shati la kazi kama anayekwenda harusini, akaiwahi.

"Dada, kofia hii haikutoshi," akamwambia, akiigeuzageuza.

"Ni ya wanaozidisha maji," binti akajibu, kisha akaona haya kwa ukali wake.

Kampuni ya kigeni iliyowaajiri wote wawili ilikuwa ikijenga barabara ya juu katikati ya jiji. Mafundi walimwita binti Mama Vipimo, ingawa hata mchumba hakuwa naye. Kila zege lilipomwagwa, wafanyakazi wa kwenye nguzo walijaza kiasi kidogo kwenye vikasha vya chuma, wakampelekea. Likishakauka likawa vitofali, yeye aliviminya kwa mashine mpaka vipasuke, ajue nguvu ya nguzo yenyewe.

Vitofali vya yule kijana havikuwahi kumwangusha. Binti alianza kumpenda hapo, kabla ya simu za jioni ambazo kijana alimwita malkia wa kokoto, kabla hajamletea chupa ya manukato yenye kifuniko cha dhahabu. Alimwambia dada yake kwamba mtu mwenye zege kama lile hawezi kuwa mwongo. Dada akacheka mpaka akashika mbavu: wenzake hupendea macho, yeye kapendea saruji.

Mchana mmoja gari la maabara liliharibika, akaamua kwenda mwenyewe kwa miguu kufuata vikasha kwenye nguzo ya katikati. Alipofika aliona mpira wa maji umechomekwa kwenye gari la zege, ukitiririsha tu ili zege lishuke haraka. Lilikuwa jepesi, la kijivu, kama maji yaliyooshewa vyombo. Na nyuma ya rundo la mbao, mpenzi wake alikuwa amechuchumaa na ndoo, akikoroga zege jingine zito, lililojaa saruji, akijaza vile vikasha huku akiimba taratibu. Alivisawazisha juu kwa mwiko, kwa mapenzi kabisa, kama anayepamba keki.

"Unafanya nini?"

Hakushtuka. Alitabasamu. "Nakupunguzia kazi, mpenzi. Vikifeli ni wewe unayerudia vipimo, ni wewe unayegombezwa. Tangu nikujue nimehakikisha huumwi kichwa."

"Tangu unijue?"

"Nguzo zote," akasema kwa fahari, kama anayetaja zawadi.

Harufu ya manukato ikampanda binti kutoka shingoni mwake mwenyewe, ikachanganyika na saruji mbichi. Akatapika kwenye mbao. Kijana akamnyooshea kitambaa chake safi. Binti akajifutia mkono wa koti.

Jioni hiyo simu iliita mpaka dada mtu akaigeuza kifudifudi chini ya mto. Binti alioga, akaoga tena, bado akajiona mchafu. Mwishowe akapokea. Kijana alimwaga majina yote matamu aliyoyajua, kisha akasema:

"Nataka nikuoe. Nije kwenu, nijitambulishe. Mambo ya nguzo tuyaache kazini."

"Yataachwaje kazini? Dada yangu atapita juu yake na watoto."

"Nikisema, nafukuzwa."

"Usiposema, nasema mimi."

"Utanichongea mimi?"

"Nakupa mpaka kesho mchana. Mapenzi yangu yanafika hapo tu."

Asubuhi kijana alikwenda kwa mhandisi mkuu, akasema. Wakatoboa nguzo, wakachomoa zege lake, wakampelekea binti. Lilimomonyoka vidoleni kabla hajaliweka kwenye mashine. Ikaamriwa nguzo zote za kijana zibomolewe, naye akafukuzwa.

Akaja kwenye dirisha la maabara, buti zake ndani ya mfuko wa plastiki, shati halijapigwa pasi.

"Nimesema mwenyewe," akamwambia.

"Nimesikia. Ulijikaza."

"Basi nije kwenu?"

Binti alimtazama. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomchefua kuliko yote.

"Nimekusamehe kweli," akasema. "Lakini kila nikikutazama inanijia harufu ya siku ile. Siwezi kuolewa nimeziba pua."

Kijana alicheka kidogo, maana ni binti huyu tu aliyeweza kusema hivyo. Akauliza kama angoje.

"Usingoje," binti akajibu kwa upole. "Nenda kajenge kwingine. Jenga vizuri."

Akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotelea kwa watu. Kule nje mashine za kubomolea zikaanza kuipiga nguzo ya katikati, vikombe vya maabara vikatetemeka mezani. Binti akafunga dirisha, akaweka kipande kingine kwenye mashine. Alilia akipima.