Nyumba ya Povu

Zaituni anaishi kwa shangazi yake. Shangazi anafuga samaki wadogo sebuleni, ndani ya tangi la kioo.

Samaki mmoja ni mwekundu. Mapezi yake ni marefu, yananing'inia kama shali. Basi wakamwita Shali.

Asubuhi moja Shangazi alichemsha maharage. Zaituni akaengua povu kwa kijiko, akalimwaga. Povu la maharage huenguliwa.

Kisha akaenda kumtazama Shali. Lo, juu ya maji kulikuwa na povu.

"Na hili nalo nilitoe," akasema Zaituni. Akachota kijiko kimoja.

Do, do, do. Vitu vidogo vyeupe vikazama majini hadi chini.

"Shangazi, njoo uone."

Shangazi akaja. Akainama kwenye kioo.

"Mwanangu, hayo ni mayai. Povu hilo ni nyumba yao. Shali ndiye baba, ameijenga kwa mdomo wake."

"Watoto watakufa?"

"Mayai yakikaa chini, yataharibika."

"Niyaokote?"

"Mikono yetu ni mikubwa mno. Tumwache mwenyewe. Sisi tutulie."

Moyo ukamwuma Zaituni. Akakaa sakafuni, akakumbatia magoti.

Shali akashuka. Akaokota yai kwa mdomo. Akapanda. Akalitema kwenye povu lililobaki.

*Anashuka, anaokota. Anapanda, anatema. Blu, blu, blu.*

Shangazi akazima feni, maji yasitikisike. Zaituni akatembea kwa ncha za vidole.

Jirani akaja. "Hodi, wenyewe!"

"Karibu, lakini polepole," akanong'ona Zaituni. "Baba wa watu yuko kazini."

*Anashuka, anaokota. Anapanda, anatema. Blu, blu, blu.*

Mchana Shali hakula. Alipuliza povu jipya, akapuliza tena. Jioni, chini ya tangi hapakuwa na yai hata moja.

Siku zikapita. Zaituni alichungulia kila alipopita.

Jioni moja akaona vikia kwenye povu. Vikia vyembamba kama nyuzi, vinacheza.

Mtoto mmoja akadondoka. Zaituni akabana pumzi.

Shali akamfuata mbio. Akamdaka kwa mdomo, akamrudisha kwa wenzake.

Zaituni akalia kidogo, kwa furaha.

Usiku Shangazi akamfunika shuka.

"Shangazi, Shali amenikasirikia?"

"Hana nafasi ya hasira, mwanangu. Ana watoto."

Moyo wa Zaituni ukatulia. Akafumba macho, akalala.

Sebuleni mtoto mwingine akadondoka, na baba yake akashuka kumfuata.