Nyuki Waliokataa Mpaka Mpya

Kalondu anasema aliwaona kwa macho yake mwenyewe. Anasema ilikuwa juzi jioni, anafukuza kuku waingie ndani, akaona pikapu imesimama kando ya fensi ya mizinga ya nyuki ya jirani zake, kina Mable. Injini imezimwa, taa zimezimwa. Wanaume watatu wamejifunika magunia vichwani. Wawili wamebeba mzinga kama watu wanaohamisha kitanda, wa tatu anang'oa nguzo. Na huyo wa tatu, Kalondu anasema, alikuwa Munyao.

"Munyao wangu?" Mable aliuliza. Alikuwa ndio ameshuka bodaboda, mfuko bado uko begani.

"Kwani kuna mwingine anayekuja huku Sagalla na viatu vya kuchongoka?"

"Na gunia kichwani, Mama Kavinya, ulimjuaje?"

"Kwa kutembea. Anatembea kama kila ploti ya Voi ni yake. Halafu mmoja wao nyuki wakamwingia gunia, akalia kama mtoto wa nasari. Nilicheka peke yangu hadi nikashika ukuta."

"Mbona hukunipigia simu?"

"Uko Mwanda na nyanya yako mgonjwa, nikupigie nikuambie nini? Mchumba wako anahamisha nyuki? Ungeniita mchawi."

Mable alikuwa na sababu ya kutomwamini huyu mama. Mwaka juzi Munyao alikuwa anakunywa chai kwa Kalondu kila Jumapili, na kila mtu alijua anamtaka binti yake, Kavinya. Alipoanza kuja kwa Mable, Kalondu alinuna, akawa anampita njiani kama anapita kisiki. Leo ndiyo anakuja na mdomo wazi?

Alienda kuangalia fensi, jua limeshazama. Ilikuwa imenyooka vizuri, mizinga inaning'inia kwenye waya, nguzo kwa nguzo. Ndovu akisukuma ule waya, mizinga yote inayumba, nyuki wanatoka na hasira, naye anakimbia na ukubwa wake wote. Hivyo ndivyo mahindi ya mamake, Teresia, yalivyokuwa yakipona. Na tangu ndovu wakanyage ua la masale lililokuwa mpaka wa zamani, wazee walikubaliana fensi hiyo ndiyo mpaka. Upande huu shamba. Katikati njia ya ndovu, isijengwe. Upande ule ploti, ambazo zilikuwa zinakuja mbio kutoka mjini, mabati mapya kila mwezi.

Nguzo zilikuwa imara. Lakini chini yake udongo ulikuwa mpya, na mtu alikuwa ameufunika kwa majani.

Mable alitoa simu.

"Mpenzi! Umerudi? Nyanya anaendeleaje?"

"Amepata nafuu. Mama amebaki naye. Munyao, juzi jioni ulikuwa wapi?"

"Juzi? Nilikuwa Maungu. Kuna mteja alitaka kuona ploti. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

"Wewe ukiuliza tu, huwa kuna kitu. Nani amekujaza maneno? Ni Mama Kavinya?"

"Sijataja mtu."

"Yule mama hajanisamehe, Mable. Achana naye. Kesho savea anakuja kuweka bikoni za mpaka, nitafika mapema. Jumamosi wazee wangu wanakuja kuleta uchumba. Usituharibie wiki."

"Njoo kesho nikuone uso."

Alicheka, kicheko kifupi. "Uso ni uleule."

Baadaye ujumbe ukaingia: *Lala salama mke wangu. Kesho savea akiuliza mpaka muonyeshe fensi tu. Usiongee mengi, hao watu wa ofisi hupenda kuchanganya watu.*

Mable aliusoma, akaurudia. Amuonyeshe fensi tu, kwa nini? Ni lini Munyao alishawahi kumfundisha mpaka wa shamba lao? Na kitu kingine kikaanza kumkuna. Walipoondoka kwenda Mwanda hawakuaga jirani yeyote; hata Kalondu lazima alisikia baadaye. Aliyewapeleka stendi, yeye na mamake, kwa pikipiki yake, kwa roho safi, alikuwa Munyao.

Asubuhi alikuja na mkate na pakiti ya maziwa. Alikuja pia na miwani nyeusi, mikubwa, ya kufunika nusu ya uso.

"Miwani ni ya nini, na jua ndio linatoka?"

"Vumbi la Maungu. Macho yamekuwa mekundu."

"Umetia dawa?"

"Nimetia, mpenzi. Weka chai, hao watu wako njiani."

Alikaa ubavu, upande wa kushoto ukiangalia ukuta. Mable aliona. Aliweka sufuria ya chai jikoni, akatoka nje, akasimama kuangalia fensi huku jua likipasha joto.

Ndipo alipowaona. Mbele ya fensi, upande wa njia ya ndovu, mahali ambapo hapakuwa na chochote, nyuki walikuwa wanazunguka hewani. Si kundi moja. Kundi hapa, kundi pale, na pale tena, kwa mstari. Wengine walikuwa wameshikana kama ngumi kwenye kisiki kikavu.

Mable alikuwa anachunga ile mizinga tangu amalize darasa la nane. Alijua nyuki ukimsogezea nyumba karibu, ataenda kutafuta chakula na kurudi palepale alipokuwa anakaa. Ndiyo maana wakitaka kubadilisha mahali pa mzinga, kwanza wanaupeleka mbali, kwa nyanya huko Mwanda, ukae hadi nyuki wasahau, ndipo unarudishwa. Munyao hakujua hilo. Yeye asali alikutana nayo kwenye chupa.

"Munyao, njoo uone."

Alikuja na kikombe mkononi.

"Wale wanatafuta nini pale?"

"Maua, labda."

"Pale hapana hata nyasi."

"Basi wamechanganyikiwa. Nyuki si watu, Mable."

"Toa miwani."

"Nimekuambia macho..."

"Toa."

Hakutoa. Mable akanyoosha mkono akaitoa mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi. Jicho la kushoto lilikuwa limefungana kabisa, limevimba hadi kwenye nyusi.

"Vumbi la Maungu lina mwiba," Mable alisema.

Munyao aliweka kikombe chini.

"Nisikilize kwanza. Nisikilize, halafu ukasirike. Zile ploti nimewauzia watu. Walimu, akina mama wa soko, wengine wameshaanza msingi. Barabara ya kuingilia ilikuwa ipite kwenye njia ya ndovu. Kikao cha wazee kikakataa. Sasa watu wangu waingie kwao wakiruka? Nikaona kipande cha pembeni tu, gari moja ipite..."

"Kipande cha mama."

"Cha mama, chako, changu! Si tunakuwa kitu kimoja? Ningekuomba, ungeninyima?"

"Hukuniomba."

Chini kwenye njia sauti za watu zilianza kusikika.

"Munyao, ulinipenda kabla ya hizo ploti, ama baada?"

"Mable! Swali gani hilo?"

"Jibu."

"Kabla," alisema. Lakini alisema akiangalia nguzo, na jicho la kulia lilikuwa zima.

Mzee Mwandawiro, mzee wa kijiji, alitangulia na fimbo yake. Nyuma yake savea, kijana aitwaye Donald, akibeba mitambo yake begani. Nyuma kabisa, bila kualikwa, Kalondu.

"Mable mwanangu," mzee alisema baada ya salamu, "masale yalikanyagwa, tukakubaliana fensi ya nyuki ndiyo mpaka. Bado ni hivyo?"

Munyao alimsogelea Mable sikioni. "Sema ndiyo. Neno moja tu. Nakuomba."

Mable alimwangalia mzee. Alifikiria Jumamosi, na gauni la kitenge ambalo fundi alikuwa amelimaliza. Akamfikiria mamake, ambaye hata sasa hivi alikuwa Mwanda akidhani shamba liko mahali alipoliacha.

"Bado ni hivyo, Mzee. Lakini fensi imehamishwa. Nyuki hawajahama. Mpaka uko pale walipo."

Mzee Mwandawiro alikunja uso dhidi ya jua. Halafu akaanza kutikisa kichwa polepole.

"Nani huyu alihamisha nyuki bila kuwapeleka mbali?"

Alitembea hadi kwenye mstari wa yale makundi, bila haraka, akachoma ardhi kwa fimbo. Fimbo ikazama kama kwenye uji. Akasogea, akachoma tena. Ikazama tena.

"Mashimo ya nguzo haya. Savea, njoo."

"Mzee, mimi nitapimia hapa hapa," Donald alisema akirudi nyuma. "Hao nyuki hawanijui."

Wote wakageuka kumwangalia Munyao, miwani ikiwa bado mkononi mwa Mable.

"Ngai! Jicho limekuwa andazi!" Kalondu aliangua kicheko. Halafu akaona uso wa Mable, kikakatika katikati.

Munyao alipita kando ya fensi, akateremka njia, na kwa mara ya kwanza hakutembea kama mwenye ploti.

"Mama Kavinya," Mable alisema wakiwa wamebaki wawili, savea akipigilia bikoni pale nyuki walipomkubalia, "nilidhani unanichukia kwa sababu alimwacha Kavinya."

"Amwache nani? Mimi ndiye nilimfukuza. Alimuuliza mtoto wangu shamba la babake liko upande gani, hata kabla hajamuuliza anapenda nini. Nilinuna kwa sababu nilikuona unacheka naye na sikujua nikuambie vipi."

Mable alikumbuka. Swali la kwanza kabisa, pale sokoni Voi, Munyao akimbebea ndoo ya asali: *Hii asali inatoka upande gani?* Yeye alikuwa ameona ni mazungumzo matamu.

Jioni, nyuki waliporudi ndani, walianza kurudisha mizinga. Kalondu alishika kopo la moshi wa kuwatuliza. Simu ikatetemeka mfukoni.

*Mable wazee wameniuliza Jumamosi waje ama wasije. Sukari na blanketi ya mama yako wamenunua. Sitetei nilichofanya. Lakini sikuja kwako kwa shamba peke yake. Nakuomba unijibu hata neno moja.*

Aliusoma. Macho yakasimama kwenye hayo maneno mawili, *peke yake*.

"Ni yeye?" Kalondu aliuliza.

"Ni yeye."

"Anasemaje?"

"Anaomba."

Mable alirudisha simu mfukoni, akateremsha wavu usoni, akavaa glavu.

"Shika upande ule, Mama Kavinya. Polepole, wasishtuke."

Wakainua. Mfukoni simu ilitetemeka tena, ikanyamaza, ikatetemeka tena, na ndani ya mzinga nyuki nao walikuwa wananguruma, hadi ikawa vigumu kujua ni kipi kinaita.